Vipimo Vinane vya Kimya

Kwa miaka ishirini na miwili Hesbon Wabwile alikuwa mpigaji wa getini wa litungu, kinubi cha Wabukusu. Mkuu wa wilaya akija Bungoma kufungua zahanati, Hesbon aliwekwa getini. Askofu akija, getini. Wageni wa kilimo wakiletwa kuona mahindi ya majaribio katika chuo cha wakulima cha Mabanga, ambako yeye mwenyewe alikuwa mtunza stoo, aliitwa aache magunia ya mbolea, avae kofia yake ya manyoya na kuketi kwenye kigoda karibu na bendera. Wageni waliingia wakitikisa mabega, wakapigwa picha naye, kisha mtu wa kamati akamjia taratibu na kumwambia, "Asante sana, mzee. Sasa enda jikoni wakupatie chakula." Shughuli yenyewe ilianza yeye akiwa ameshika sahani.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Chakula kilikuwa kizuri, na wengi waliokuwa ndani walikipata kikiwa kimepoa. Lakini mwaka 2004, alipotimiza miaka hamsini na mmoja, swali moja lilimwingia na likakataa kutoka. Je, litungu likiingizwa ndani, likapewa kiti, likaanza pamoja na wengine na kumaliza pamoja na wengine, lingeshindwa?

Mwezi wa tano mwaka huo, mwalimu mmoja wa muziki kutoka Kitale alileta wanafunzi wake kutembelea Mabanga. Jina lake lilikuwa Linet Chesang. Wanafunzi walicheza, walimu wenzake wakacheza, yeye akasimama mbele ya Hesbon bila kutikisa hata kidole. Alikuwa akihesabu nyuzi.

"Ziko saba," alisema wimbo ulipokwisha.

"Saba, mwalimu."

"Hiyo nyembamba ya mwisho inatoa nini?"

"Ukianza so ya chini na hii nene, hii nyembamba inafika fa ya juu."

Linet alimtazama vizuri. "Kumbe unajua sol-fa."

"Nimeimba kwaya tangu nikiwa na miaka tisa. Karatasi ya sol-fa naisoma kama gazeti. Ile ya mistari mitano ndiyo sijui."

"Hiyo niachie mimi," Linet akasema, kisha akavuta kigoda kingine, akaketi na kumweleza jambo lililomleta karibu yake.

Yeye mwenyewe alipiga fidla. Rafiki yake, Mzee Kiptum, alipiga selo, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti. Kiptum alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ujanani alikuwa mkamuaji ng'ombe katika shamba la mama mmoja mzungu upande wa Endebess, na kwa kuwa mama huyo hakuwa na mtu wa kupiga muziki naye, alimfundisha mkamuaji wake. Alipouza shamba na kurudi kwao alimwachia selo pamoja na mfuko wake. Ndani ya mfuko huo mlikuwa na karatasi za muziki ambazo mchwa walikuwa wamekula jalada lote, na jina la mtungaji likaenda nalo. Kilichobaki kilionyesha mwaka, elfu moja mia saba sabini na kitu, na kwamba kipande kile kilitungiwa ala tatu: luti, fidla na selo. Kiptum alimwita mtungaji Bwana Jalada, kwa sababu ndicho kitu alichokosa.

"Luti ni nini?" Hesbon aliuliza.

"Ala ya nyuzi ya Ulaya ya zamani. Ina tumbo la duara kama nusu ya kibuyu. Ule udi watu wanapiga Mombasa ni jamaa yake. Kitale yote hakuna luti."

"Si muweke gita?"

"Kila mtu ananiambia gita. Gita linaimba muda mrefu. Luti ukiidonoa inasema neno lake na kunyamaza. Kama hili lako."

Hesbon akadonoa uzi mmoja, akausikiliza ukifa. Hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo.

"Tunafungua ukumbi mpya wa maktaba mwezi wa nane," Linet akaendelea. "Tumepewa dakika kumi na tano ndani ya programu. Si getini. Ndani."

Wiki iliyofuata Linet alimletea daftari. Sehemu nzima ya luti alikuwa ameinakili kwa sol-fa, kwa kalamu mbili, nyeusi kwa sauti ambazo litungu lilikuwa nazo na nyekundu kwa zile za chini ambazo halikuwa nazo. Zile nyekundu Mzee Kiptum alikubali kuzidonoa kwa kidole kwenye selo. Hesbon akachukua chaki, akachora mistari saba kwenye ukuta wa stoo, mstari mmoja kwa kila uzi, akaandika juu yake mistari minne ya daftari. Mistari minne kwa siku, wala hakuongeza wa tano hata siku alipoiweza mapema. Wakulima waliokuja kuchukua mbegu walimkuta ameketi juu ya magunia, macho ukutani, vidole kwenye nyuzi.

"Hesbon, na hiyo ni mbegu gani unapanda?"

"Ya zamani sana. Subiri uone kama itaota."

Kipande kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mwendo wa mtu anayetembea akijua anakokwenda, na Hesbon aliiweza kwa wiki tatu. Ya tatu ilikuwa ya mbio, nayo ikamchukua wiki nne, kwa kuwa vidole vyake vilipenda mbio kuliko kichwa chake. Iliyomkwamisha ilikuwa ya pili, ambayo ilikuwa ngoma ya polepole ya mapigo matatu matatu. Mapigo matatu yalifanya kipimo kimoja, na watu wa wakati wa Bwana Jalada, Linet alisema, waliicheza wameshikana vidole tu, kama wanaoogopa kuchafuana.

Ngoma ile ilikuwa na sehemu ya mwanzo, sehemu ya kati, kisha mwanzo ukarudiwa. Sehemu ya kati ilihitaji sauti iliyo katikati ya fa na so, ambayo watu wa kwaya huiita fe. Mpigaji luti angesogeza kidole kwenye shingo ya ala yake, akaipata. Litungu halina shingo. Kila uzi unatoa sauti moja, na ukitaka nyingine lazima uusokote mshipi wa kitambaa unaoufunga uzi ule kwenye mti wa juu, ukaukaza hadi sauti ipande. Bwana Jalada, bila kujua kwamba kuna litungu duniani, alikuwa ameacha nafasi. Kabla ya fe kuhitajika, luti ilinyamaza vipimo vinane, fidla na selo zikiongea peke yake. Mapigo ishirini na manne. Kumi yalimtosha Hesbon kukaza uzi. Kurudi fa baadaye kulikuwa kazi ndogo, maana kulegeza hakuna shida.

Taabu ilikuwa kwenye kimya.

Mpigaji litungu hanyamazi akiwa anatengeneza uzi. Uzi ukilegea katikati ya sherehe, vidole vinakwenda juu kuusokota na mdomo unashika zamu. Anasalimia wenye nyumba, anauliza jogoo aliyekuwa akiwika asubuhi ameenda wapi, anawachokoza mashemeji, anamsifu mama aliyepika. Uzi ukikaa sawa, maneno yanakwisha na wimbo unaendelea. Maneno ni marefu kama uzi unavyotaka. Hesbon alikuwa amefanya hivyo tangu utotoni, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno yake yawe mapigo ishirini na manne kamili, wala kwamba yasiwepo kabisa.

"Hapa huongei, Baba Edah," Linet alimwambia katika mazoezi ya kwanza Kitale. Edah alikuwa kifungua mimba wa Hesbon. "Unahesabu tu."

"Nahesabu na nini?"

"Na kichwa."

"Kichwa kiko kwa uzi, mwalimu."

Mzee Kiptum alicheka hadi akalazimika kuegemeza selo ukutani. "Mwache. Hata mimi nilihesabu na mguu miaka kumi. Yule mama wa shamba alikuwa anaukanyaga."

Majuma mawili kabla ya siku yenyewe, Bwana Rotich, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alikuja kusikiliza mazoezi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtu ambaye jina lake limeandikwa chini ya kadi mia tatu za mwaliko. Waliipiga ile ngoma mara tatu mbele yake. Mara ya kwanza Hesbon aliingia kwenye kipimo cha tano. Mara ya pili aliingia vipimo viwili baada ya wakati. Mara ya tatu hakuingia kabisa, kwa sababu alikuwa bado anahesabu.

Rotich alivua miwani, akaipangusa. "Mimi sina ubaya na litungu," alisema. "Nimeoa Bungoma, kwa hivyo litungu ni shemeji yangu. Lakini mgeni rasmi atakuwa ameketi hapo mbele, hatua nne kutoka kwenu. Emmy wa kanisani ana kinanda cha umeme. Hiyo sehemu ya luti ameiona, ameipiga mara moja tu, imetoka safi. Si Baba Edah atupokelee wageni pale mlangoni? Kazi hiyo hakuna anayemshinda."

Hesbon aliyatazama magoti yake. Alijua Rotich hakukusudia kumdharau, na ndiyo maana maneno yale yalimwuma.

"Tupe wiki mbili," Linet akasema.

"Nimewapa. Lakini Emmy ataketi pembeni na kinanda kikiwa kimewashwa. Mkikwama, anaingia. Hayo tu."

Hesbon alirudi Mabanga, akamweleza mkewe, Nasimiyu, ambaye alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Nasimiyu alisikiliza bila kuacha kupukuchua.

"Wewe ukinyamaza unapotea," alisema. "Hata njiani. Tukienda Malakisi kwa mama, usipoongea unapita kona."

"Sasa nifanye nini? Wamenikataza kuongea."

"Wamekukataza kutoa sauti. Ndani ya moyo nani anakuona?" Akaweka punje kando. "Tafuta maneno yanayoenea hapo. Ukianza nayo na ukimaliza nayo, uko mahali pako."

Hesbon alifikiri. Kisha akaketi mkabala naye, akaanza kupiga mapigo matatu matatu kwa kiganja kwenye tumbo la litungu. Kila kipimo kilipokwisha, Nasimiyu alitupa gunzi moja kwenye karai. Magunzi manane, vipimo vinane. Hesbon alijaribu salamu moja, ikaishia gunzi la sita. Akaongeza mashemeji, ikapita hadi la tisa. Waliwapunguza mashemeji. Jioni ilipoingia walikuwa na salamu iliyoanza na wenye nyumba, ikapanda mlimani kuwajulia hali wa huko, ikashuka kuulizia mahindi na mvua, na neno la mwisho likaanguka pamoja na gunzi la nane. Waliirudia mpaka Nasimiyu akakosa mahindi ya kupukuchua, wakayaokota yale magunzi matupu wakaanza upya.

Katika mazoezi yaliyofuata Hesbon aliingia sawasawa mara tano kati ya mara tano. Midomo yake ilikuwa ikitikisika bila sauti.

"Unaomba?" Kiptum akamwuliza.

"Nasalimia."

"Nani?"

"Wewe ukiwa mmoja wao. Uko kipimo cha tatu."

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, na mvua ilianza kabla ya saa mbili asubuhi. Hesbon aliondoka Mabanga na litungu likiwa ndani ya blanketi na nailoni juu yake. Njiani, hapo Kamukuywa, gari lililokuwa likimpeleka liliharibika, naye akajikinga chini ya mabati ya duka pamoja na watu wengine ishirini, wakisubiri jingine. Upepo uligeuka. Maji yakaingia chini ya mabati kutoka ubavuni, na kwa nusu saa Hesbon alisimama akilikinga litungu kwa mgongo wake. Mgongo haukutosha.

Alipofika Kitale saa tano na nusu, ngozi ya mbuzi iliyofunika tumbo la litungu ilikuwa laini kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Ngozi ikilegea, sauti zote zinashuka. Alilipeleka jikoni, ambako akina mama walikuwa wakipika pilau, akaliegemeza mbele ya jiko. Likapanda kidogo. Akangoja. Likapanda kidogo tena, kisha likasimama hapo na kukataa kusogea. Nyuzi zote saba zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe, lakini zilikuwa chini ya fidla, chini kwa kiasi ambacho hata mpishi mmoja alikitambua Linet alipojaribu kupiga nazo.

"Zikaze," Rotich alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na karatasi ya programu mkononi.

"Naweza kuzikaza," Hesbon alijibu. "Lakini huu mwembamba nikiukaza sasa hivi, nitautolea wapi nguvu ya kwenda fe? Utakatika."

Rotich alitazama saa. "Basi Emmy apige. Hakuna aibu, mzee. Ni mvua."

Linet alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, fidla mapajani. Kisha akashika vishikizo vya fidla yake, akaanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine.

"Baba Edah, nipe sauti ya la," akasema.

Hesbon hakupiga. "Mwalimu, usiharibu ala yako kwa sababu yangu."

"Siharibu. Huko kwa Bwana Jalada kila mji ulikuwa na la yake. Ukitoka mji huu kwenda ule, unashuka au unapanda kuwafuata wenyeji. Nipe la."

Hesbon akampa la. Linet alishuka polepole hadi fidla na litungu zikawa sauti moja, na Mzee Kiptum, bila kuulizwa, akawa tayari amelegeza selo.

Rotich alikuwa wa kwanza kuelewa kilichofanyika. "Lakini kinanda hakishuki," alisema.

"Hakishuki," Linet akakubali.

"Kwa hivyo mkikwama, Emmy hawezi kuingia. Itakuwa kelele."

"Ndiyo."

"Sasa mkikwama?"

"Tutakuwa tumekwama sisi watatu, Mwenyekiti."

Rotich aliikunja programu mara mbili, akaikunjua, akatoka.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wakulima wa Trans-Nzoia wenye makoti ya mvua, walimu, makarani wa ofisi za serikali, kwaya mbili zilizokuwa zimeshaimba, na watu wa Bungoma ambao Hesbon alizijua sura zao. Nasimiyu alikuwa nyuma karibu na dirisha, viatu vyake vikiwa na udongo hadi kwenye vifundo. Mgeni rasmi, mama wa makamo aliyetoka makao makuu ya elimu, aliketi mbele. Msimamizi wa programu aliwaeleza watu utaratibu wa muziki wa namna hii: simu zizimwe, watu wasiongee, na wasipige makofi kati ya sehemu na sehemu, mpaka mwisho kabisa. Watu walitikisa vichwa kwa adabu, kama wanaosomewa masharti ya hospitali.

Hesbon aliketi kwenye kiti cha kati. Kushoto kwake Linet, kulia Kiptum, na pembeni kabisa Emmy nyuma ya kinanda, mikono mapajani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia aende jikoni.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko mazoezi yoyote. Fidla iliyoshushwa ilikuwa na sauti nzito kidogo, yenye joto, nayo ilikaa juu ya litungu bila kulifunika. Kila Hesbon alipodonoa, sauti iliruka, ikasema lake, ikaisha, na selo ikaokota pale ilipoangukia. Watu waliokuja kusikia muziki wa kizungu walitazamana, maana walikuwa wakisikia kitu wanachokijua kikiongea habari wasizozijua.

Ngoma ya polepole ikaanza. Mwanzo wake ukapita. Kisha litungu likanyamaza, fidla na selo zikabaki peke yake, na Hesbon akapeleka mkono juu kwenye mti. Ndani ya moyo wake akaanza: wenye nyumba, salamu zenu.

Mshipi wa kitambaa ulikuwa bado na maji ya Kamukuywa. Aliusokota, ukakubali. Alipouachia, uliteleza polepole ukarudi ulikotoka. Akausokota tena. Wenye mlima, habari za huko. Ukateleza. Gunzi la tano, la sita. Mahindi, mvua. Aliushika kwa vidole viwili na kuukandamiza kwa kidole gumba, na neno la mwisho la salamu likaanguka, gunzi la nane likaanguka, na uzi haukuwa umefika.

Alimtazama Linet. Hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

Linet hakusimama. Upinde wake ulifika mwisho wa kipimo cha nane, na badala ya kusonga mbele ukarudi kipimo cha kwanza, kana kwamba Bwana Jalada ndivyo alivyoandika. Nyusi za Mzee Kiptum zilipanda, kisha selo nayo ikarudi. Pembeni, Emmy aliinua mikono juu ya kinanda, akakumbuka, akairudisha mapajani.

Hesbon alikuwa na mapigo mengine ishirini na manne na salamu yake ilikuwa imekwisha. Vidole vilikuwa juu, uzi ulikuwa unateleza, na mdomo wake, ambao kwa miaka arobaini ulishika zamu kila vidole vilipokwama, ukashika zamu.

"Mulembe," alisema kwa sauti, salamu ya amani ya kwao Bungoma.

Hakupaza. Lilianguka juu ya pigo la kwanza, sawasawa. Msimamizi wa programu alifumba macho.

"Mulembe," sauti ya mama mzee ikajibu kutoka nyuma, nayo ikaangukia pigo.

"Chamgei," Hesbon akasema, akiwasalimia Wakalenjin kwa lugha yao.

"Chamgei mising," wakajibu upande wa kushoto, watu kumi au kumi na watano, makoti yao ya mvua yakikwaruzana.

"Uzi wangu umenyeshewa Kamukuywa."

Kicheko kilipita viti vyote, cha chini, kisichotaka kuvuruga fidla.

"Mnivumilie kidogo. Hata nyinyi mmenyeshewa."

"Kweli," mtu akasema.

"Lakini mahindi yamefurahi."

"Yamefurahi," wakajibu, na sasa ulikuwa ukumbi mzima, na wote kwenye pigo, kwa sababu selo ilikuwa ikiwaonyesha pigo liko wapi. Mgeni rasmi alikuwa mmoja wao. Linet alikuwa anapiga huku machozi au jasho likimshuka shavuni, haikujulikana lipi. Vidole vya Hesbon viliuzungusha mshipi mara ya nne, vikaupitisha chini ya nyuzi za jirani na kuukaba pale. Alidonoa kwa kidole gumba, polepole sana, kusikia.

Fe.

Lilikuwa limebaki pigo moja. Akaingia.

Wale waliokuwa ndani ya ukumbi walikuja kuieleza sehemu iliyofuata kwa namna tofauti. Wengi walisema litungu liliongezeka sauti. Halikuongezeka. Lilikuwa limegeuka tu, kama mtu aliyekuwa akiongea nawe kwa ubavu akakugeuzia uso, na uzi ule mwembamba ulikuwa ndio macho yake. Lilizunguka na fidla vipimo kumi na sita, likaenda mbele, likapisha, likaenda mbele tena. Kisha Hesbon akaulegeza uzi kwa mzunguko mmoja, mwanzo wa ngoma ukarudiwa, na wote watatu wakafika mwisho pamoja.

Watu walikuwa wameambiwa wasipige makofi hapo. Walipiga. Walipiga wakiwa wamesimama, na wa nyuma wakapiga vigelegele, na iliwabidi Linet, Kiptum na Hesbon wangoje karibu dakika mbili ndipo waanze sehemu ya tatu. Ile ya mbio waliipiga kwa mbio zaidi ya walizowahi kuthubutu mazoezini, na haikumwangusha mtu.

Makofi ya mwisho yalipopungua, mgeni rasmi aliinua mkono. "Naomba kitu," alisema. "Ile ya katikati. Ile ya salamu. Tunaweza kuisikia tena?"

Rotich alikuwa tayari amepanda jukwaani. Hesbon alimwona akija na programu mkononi, na akajua kwamba wamepitisha wakati, na hotuba tatu zilikuwa zinangoja. Rotich aliinama karibu na sikio lake.

"Mzee," alinong'ona, "hicho kitambaa kimelowa. Utahitaji kikavu?"

Akatoa leso mfukoni, leso nyeupe iliyopigwa pasi. Hesbon alimtazama kuona kama anataka ichanwe kweli. Rotich akaichana mwenyewe, kwa meno, akampa kipande.

Iliwachukua muda. Hesbon aliufungua ule uzi mwembamba kabisa, akatoa mshipi uliolowa, akaufunga kwa leso ya mwenyekiti, akaupandisha fa, akasikiliza, akaurekebisha. Watu mia tatu walikaa wakimtazama akifanya kazi hiyo. Hakuharakisha, kwa kuwa hakukuwa na haja.

"Bwana Jalada lazima aliiandika leso kwenye karatasi," Kiptum akamwambia Linet, "lakini sehemu hiyo ndiyo iliyoliwa na mchwa."

Wakaanza. Mwanzo wa ngoma ukapita, vipimo vinane vikafika, Hesbon akapeleka mkono juu. Leso ilishika mara moja. Katika kipimo cha tatu uzi ulikuwa umefika fe na umetulia hapo, na vipimo vitano vilikuwa mbele yake, vitupu, bila kazi ya vidole.

Alishusha mikono, akaiweka juu ya litungu, akawatazama watu. Walikuwa wameinama mbele kwenye viti vyao, midomo imefunguka nusu, wakingoja zamu yao.

"Mulembe," Hesbon Wabwile akasema.